Jina la Mdogo Wake

Lino alipopiga simu kutoka Iloilo alikuwa anacheka, na kicheko hicho kilimchoma Teryo kuliko tusi.

"Kaka, unajua nimeambiwaje leo? Nimeambiwa mimi niko Manila, nacheza mpira wa kikapu."

Mazoezi yalikuwa yamekwisha. Teryo alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, miguu yote miwili ndani ya ndoo ya barafu, na wenzake walikuwa wanarushiana taulo na matusi ya kirafiki. Alishusha sauti. "Nani kakwambia?"

"Mama mmoja wa idara ya pasipoti. Nimepanga foleni tangu alfajiri, nimenyoa, nimevaa shati la chuo cha ubaharia. Nikampa vyeti vyangu. Akabofya, akaniangalia, akabofya tena. 'Marcelino Panaguiton, mzaliwa wa Antique, baba Anselmo, mama Pasita?' Nikasema ndiye mimi. Akasema, 'Haiwezekani. Marcelino Panaguiton ana pasipoti tayari, ameitumia mwaka jana kwenda Taiwani na timu yake, na mume wangu anampenda kupita kiasi.'" Lino akacheka tena. "Umesikia? Mume wa mtu anakupenda, kaka."

"Ukamjibuje?"

"Ningemjibuje? Nikasema aa, kumbe. Nikakusanya vyeti vyangu nikaondoka. Pale kuna askari." Hapo kicheko kikaisha. "Lakini kaka, meli inaningoja. Wakala kanipa mpaka Jumatatu ijayo saa sita mchana. Bila barua ya pasipoti, nafasi anampa mwingine, na wanaoisubiri wamejaa mpaka barabarani. Yule mama kasema njia ni moja tu. Huyo mwingine aje mwenyewe, airudishe ya kwake, aseme ukweli."

Huyo mwingine alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu ndani ya barafu.

Jina lake hasa lilikuwa Eleuterio, Teryo kwa waliomzaa, na alikuwa na miaka ishirini na mitano. Kwenye jezi, kwenye mkataba na kwenye midomo ya watangazaji alikuwa Marcelino, miaka ishirini na miwili, chipukizi wa timu ya kiwanda cha biskuti. Marcelino wa kweli alikuwa mdogo wake, yuko Iloilo na stashahada mkononi, ameambiwa na serikali kwamba yeye si yeye.

Ilivyoanza, ilianza kama masihara. Miaka minane nyuma, kijiji chao kilikuwa kimeshapigwa mara nne mfululizo na kijiji jirani katika mashindano ya sikukuu ya mtakatifu wao, yale ya watoto chini ya miaka kumi na sita. Watoto wa wale jirani! Mmoja alikuwa na ndevu, na mwingine alikuja uwanjani na mkewe, mimba imeshatokeza. Kila mtu aliona, wala hakuna aliyesema, maana vyeti vilionyeshwa na vilikuwa na mhuri. Ndipo mwenyekiti wa kijiji akaja kwa Mzee Anselmo, wakasimama kwenye ukingo wa uwanja, mpunga umeanikwa kuanzia mstari wa mitupo huru mpaka katikati.

"Teryo wako ana miaka kumi na saba, lakini ndevu hana," mwenyekiti alisema. "Lino wako ana kumi na minne, lakini kimo hana. Tuchukue cheti cha mmoja na miguu ya mwingine."

Mama Pasita, aliyekuwa anageuza mpunga kwa reki, akauliza, "Na Lino atacheza na nini?"

"Ni siku tatu tu," alisema Mzee Anselmo. "Lino hatakufa kwa siku tatu."

Fainali ile Teryo alifunga pointi arobaini na moja. Nguruwe alichinjwa, mwenyekiti alilia hadharani, na jirani wakaenda zao na ndevu zao. Lakini miongoni mwa watazamaji alikuwepo bwana mmoja mwenye viatu vyeupe, mtu wa shule ya sekondari ya chuo kikuu kimoja cha Manila, aliyekuja sikukuu kwa shemeji yake. Akauliza jina la yule mtoto mrefu. Akaambiwa. Wiki mbili baadaye barua ikaja: Marcelino Panaguiton anaitwa Manila, atasomeshwa bure, alale bure, ale bure. Nani mwenye njaa atairudisha sahani aseme jina si langu? Teryo akaenda.

Na Lino? Mwaka uliofuata aliandikisha jina lake kwenye timu ya shule, maana pamoja na ufupi wake ule hakuwa mtu wa kudharauliwa, mtupo wake wa mbali ulikuwa hauna huruma. Fomu ikarudi. Mchezaji huyu, ilisema, ameshasajiliwa Manila. Mwalimu akamwambia akae benchi mpaka jambo lieleweke, na halikueleweka. Hakupiga kelele. Aliuacha mpira, akashika vitabu, akasema basi ataendesha meli. Tena kijijini wakakubaliana bila kukubaliana kwamba yeye ni Lino tu, na jina refu lisitajwe mbele ya wageni. Miaka minane mtoto wa watu anapita kwao kama mpangaji.

Teryo aliyajua yote hayo. Si kwamba hakuyajua. Alikuwa ameyaweka mahali ambapo mtu huweka jambo analokusudia kulishughulikia kesho.

"Lino," alisema kwenye simu, "nipe mpaka Jumatano. Tuna mchezo. Ukiisha tu nakwenda mwenyewe."

"Sawa, kaka."

Sasa, wakati wenyewe. Biskuti walikuwa nusu fainali na timu ya kiwanda cha sabuni. Anayeshinda mara tatu anapita, na kila upande ulikuwa umeshinda mara moja. Msimu mzima Teryo alikuwa mchezaji wa akiba, mtu wa kupokea chupa za maji na kupiga makofi, mpaka mlinzi wao mkuu alipovunjika kidole na Kocha Baltasar akamsukuma uwanjani kwa kukosa wa kumsukuma. Hakutoka tena. Alikuwa ameanza kutambuliwa kwenye vibanda vya supu. Wenye vibanda walikuwa wamemwongezea nyama.

Nayo sheria ya ligi haikuwa na maneno mengi. Karatasi za uongo, mkataba unachanwa, mlango unafungwa maisha. Msimu uliopita walimfukuza kijana wa Mindanao kwa kosa hilo hilo, na sasa, watu walisema, anapakia saruji. Teryo alikuwa amemtazama akibeba mifuko yake ya viatu kutoka mlango wa nyuma. Hakumsalimu.

Jumatano Sabuni wakawapiga. Teryo alifunga kumi na tisa, akatoka uwanjani anaona haya, na haya yenyewe hakujua ni ya kushindwa au ya ile simu anayotakiwa kupiga.

"Nipe mpaka Ijumaa, Lino. Tukishindwa Ijumaa ndiyo mwisho, nitakuwa huru. Siwezi kuwaacha sasa, wataniona msaliti."

"Sawa, kaka," alisema Lino.

Alhamisi akampigia baba yake, akitaraji kukemewa. Mtu mwenye hatia wakati mwingine hutafuta fimbo kama mgonjwa anavyotafuta dawa. Akakosa.

"Usithubutu," alisema Mzee Anselmo. "Meli huondoka zikarudi. Mkataba ukiondoka umeondoka. Lino ni mvumilivu, amezoea."

"Baba, hilo la kuzoea ndilo baya."

"Ubaya gani? Bati la nyumba hii nani kaliezeka? Mficha uchi hazai, najua, lakini wewe umeshazaa, mwanangu. Sasa funika."

Ijumaa wakashinda. Na ajabu ya Mungu, kadiri dhamiri ilivyomsumbua ndivyo mkono ulivyolenga. Alifunga ishirini na saba. Mtangazaji wa ukumbini alilivuta jina kama mtu anayeita mbuzi bondeni, Maaarselinooo, na watu elfu kumi wakaitikia, na kila walipoitikia Teryo alijihisi amevaa shati la mtu na mwenyewe yuko nje anapigwa na mvua. Alitamani waache. Alitamani pia wasiache, na hilo la pili ndilo lililomfanya ajichukie.

Kocha Baltasar, kipande cha mtu aliyemfikia kifuani, alimkumbatia kiuno. "Mtoto! Wewe una miaka kumi mbele yako. Kumi! Mimi nitazeeka nikikutazama."

Hakuwa nayo kumi. Alikuwa nayo saba akijitunza. Akatabasamu.

Simu ya tatu alipiga Lino mwenyewe. Teryo akasema ilivyo: sasa ni mbili kwa mbili, mchezo wa mwisho ni Jumapili saa kumi jioni, Jumatatu asubuhi yeye na Lino wataongozana mpaka idara. Upande wa pili ikasikika pikipiki ikipita huko Iloilo, ikapotea.

"Basi nakuja mimi," alisema Lino. "Ofisi ya wakala si iko huko huko Manila? Nakuja na Mama. Idara ya huko nayo inafunguliwa saa mbili, wakala tunamuwahi kabla ya saa sita."

"Njooni. Nitawawekea viti vya mbele."

"Sawa," alisema Lino, na safari hii neno 'kaka' hakulitaja. Labda alisahau.

Walikuja kwa feri, zaidi ya saa ishirini kwenye vitanda vya sitaha, na Mama Pasita na boksi lake la samaki wakavu lililofungwa kamba ya nailoni. Teryo aliwakuta kwenye ujia wa nyuma ya ukumbi, saa moja kabla ya mchezo. Lino alikuwa amevaa shati jeupe la ubaharia lenye mistari mabegani. Alikuwa hana jingine la maana, na kwa kuwa ndilo la kesho pia, hakutaka likunjamane kwenye begi.

Mama akambonyeza Teryo mbavu. "Umekonda. Hizo biskuti zao hawakupi?"

"Wananipa, Mama. Nimezichoka."

"Kaka," alisema Lino, akitazama huku na huku kwanza. "Kesho saa mbili. Tunakwenda kweli?"

"Tunakwenda."

"Si kwamba sikuamini. Ila nikikosa hii, wakala haniiti tena. Ameniambia waziwazi, mtu mwenye jina lenye matata hampigii simu mara ya pili."

"Naapa kwa Bikira Maria, Lino."

"Mwache Mama wa watu apumzike," alisema Mama Pasita. "Wewe nenda tu. Kwenda hakuhitaji kiapo."

Mchezo ule wenye kuuona wanauzungumza mpaka leo, kwa hiyo sitawachosha. Sabuni waliongoza robo tatu. Robo ya nne Biskuti wakawakamata, na zikiwa zimebaki sekunde nne, matokeo sawa, mpira ukamfikia Teryo pembeni. Walinzi wawili walimrukia. Akawaacha wapite hewani, akadunda mara moja, akatupa. Wavu haukulia hata. Ukumbi ukapasuka, wenzake wakamwangukia, akawa chini ya rundo la watu wenye jasho akicheka na kulia, na kwa muda huo mfupi hakuwa na jina lolote, alikuwa na furaha tu. Ni haki nimpe hilo.

Walipomwinua, dada wa televisheni alikuwa ameshafika na kipaza sauti.

"Marcelino! Miaka ishirini na miwili, na unaipeleka timu fainali! Nani unamshukuru?"

"Mungu," alisema Teryo akihema. "Na kocha. Na mama yangu, yupo hapa leo, kaja na ndugu yangu."

Kamera ikageuka. Juu, kwenye skrini kubwa, wakatokea Mama Pasita na boksi mapajani na Lino kando yake, shati jeupe, amesimama anapiga makofi.

"Oo, jamani! Baharia!" akapiga kelele yule dada. "Ndugu yako huyo anaitwa nani?"

Kipaza sauti kilikuwa mbele ya kinywa chake. Watu elfu kumi ukumbini, na nyumbani wasiohesabika. Lino kule juu aliacha kupiga makofi. Alikuwa anamtazama Teryo, uso umefunguka, wala haukuwa uso wa mtu anayedai kitu. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia anaitwa.

"Eleuterio," alisema Teryo.

Hakukusudia. Kinywa kilikuwa kimezoezwa miaka minane, kikatangulia. Lakini kutokukusudia si dawa ya kitu.

"Eleuterio! Mdogo wako?"

"Mkubwa wangu."

"Mkubwa! Mbona mkubwa mwenyewe ndiye anayeonekana mtoto!"

Ukumbi mzima ukacheka, kicheko chema, cha mapenzi. Na kule kwenye skrini, kwa kuwa watu elfu kumi walikuwa wanamtazama na alikuwa kijana aliyelelewa na adabu, Lino akainua mkono akawapungia.

Teryo hakukumbuka alivyotoka uwanjani. Alikumbuka kwamba watu walimpigapiga mgongoni na kila pigo aliona anastahili lingine zito zaidi. Mtu anaweza kumnyang'anya mwenzake kitu gizani akasema ni shida, ni njaa, ni baba ndiye aliyeamua. Yeye leo alikuwa amenyang'anya kweupe, mwenye mali akiangalia, kisha akamvika matambara yake mwenyewe mbele ya taifa zima na watu wakapiga makofi.

Aliwakuta kwenye ujia ule ule. Waandishi walikuwa wamejaa upande wa pili, wanangoja chumba cha mahojiano kifunguliwe. Mama Pasita alimkabidhi boksi la samaki bila kumtazama usoni.

"Nilizaa wawili," alisema. "Nilichagua majina mimi mwenyewe, baba yenu alikuwa shambani. Leo nimekusikia."

Lino akanyoosha mkono. Teryo akaushika, ukiwa mkavu na wake umelowa jasho.

"Hongera, Marcelino," alisema Lino.

Hakuwa anakejeli. Kama angekejeli, Teryo angepata pa kushika, wangegombana, wangesukumana, wangelia, mambo yangekwisha kama yanavyokwisha ya ndugu. Alilisema kwa upole, kama mtu anavyokabidhi ufunguo wa nyumba aliyohama.

"Lino, usi..."

"Kesho usijisumbue. Pumzika, mna fainali Ijumaa. Mimi na Mama tunaangalia kama feri ya kesho ina nafasi." Akamchukua mama yake kwa kiwiko. "Baba aliniambia zamani kwamba sitakufa. Na kweli, sijafa."

Wakaondoka, polepole kwa sababu ya miguu ya Mama, kuelekea mlango wa mwisho wa ujia.

Kocha Baltasar akatokea mbio, mikono juu. "Mtoto! Mtoto wa dhahabu! Njoo, wanakungoja!"

"Kocha, mimi si mtoto. Nina miaka ishirini na mitano."

"Na mimi nina kumi na saba. Twende."

"Cheti ni cha ndugu yangu. Marcelino ni yule pale, mwenye shati jeupe. Mimi ni Eleuterio."

Kocha akacheka. Kisha akamtazama vizuri, kicheko kikamfia mdomoni, akamshika jezi akamsukuma ukutani, mtu mfupi vile na nguvu alizitoa wapi.

"Funga mdomo," alinong'ona. "Unawaona wale? Waandishi wale. Unajua watakufanya nini? Umemwona yule wa Mindanao?"

"Nilimwona. Sikumsalimu."

"Sikiliza. Sikuulizi kwa nini. Wala mimi sijasikia kitu. Fainali inaanza Ijumaa, wiki mbili kikombe kimepatikana, halafu sema unachotaka kusema, na mimi mwenyewe nitakusindikiza. Wiki mbili tu, mwanangu. Ndugu yako hawezi kungoja wiki mbili?"

Anaweza, Teryo aliwaza. Hilo ndilo Lino anaweza kuliko mtu yeyote duniani, na ndilo alilofanyiwa na kila aliyempenda. Aliitoa mikono ya kocha kwenye jezi, kwa heshima, kidole kimoja kimoja. Mlango wa mwisho wa ujia ulikuwa unafunguliwa na Mama Pasita alikuwa anainua mguu kuvuka kizingiti.

"Marcelino!" Teryo aliita.

Aliita kwa sauti yote, na sauti ikagonga kuta zile za saruji ikajaa ujia mzima. Waandishi wote waligeuka wakamtazama yeye, maana ndiye waliyemjua kwa jina hilo, na kamera zikainuliwa.

Akaita tena, akawapita katikati, huku anaelekeza kidole kule mbele ili kila mtu aone ni nani anayeitwa.

Mlangoni Lino alisimama, mgongo umewaelekea. Kisha akageuka.